Kigoda cha Ainembabazi

Nyakahanga, Karagwe
Jumanne, 5 Machi 2024

Ainembabazi, mjukuu wangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika, na jicho la kushoto limeshika ukungu kama ule wa asubuhi bondeni. La kulia nalo linafuata nyuma kama ndama. Anayeandika ni Deodatha jirani, mwalimu wetu wa chekechea aliyestaafu. Nimemwambia aandike kila neno ninalotoa, asinipambie. Akimaliza anaipiga picha barua kwa simu yake ya kupapasa, inakufikia kabla chai yangu haijapoa. Unasema kwa nini nisiongee tu kwenye hiyo simu. Sitaki. Sauti isiyo na mtu mimi siiitikii. Mama yangu alitufundisha, ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza kimya mpaka apite.

Mbuzi wa Benadeta ameingia tena kibanjani, amekula miche yangu mitatu ya kahawa. Nimemwambia Benadeta, mbuzi wako ana adabu kuliko wewe, yeye akishiba anaondoka. Basi hatujasalimiana tangu Ijumaa. Tutasalimiana kesho, maana nataka kuazima kinu chake.

Sasa nieleze. Hanifu wa duka la vitambaa Kayanga ameniambia amesikia redioni kwamba huko Ujerumani wafanyakazi wa treni wanataka kugoma, na wewe umesema uwanja wa ndege uko mbali na lazima treni ikufikishe. Gari linagomaje, waitu? Babu yako Rwegoshora alikuwa na fahali aliyegoma katikati ya barabara ya Omurushaka, akalala chini kutwa nzima na mzigo wa ndizi mgongoni. Tulimwimbia, tukampiga, tukamwomba. Alipoamka aliamka mwenyewe. Kwa hiyo mimi nakwambia, kilichogoma usikisubiri. Njia hazigomi zote siku moja. Treni ikikataa, tafuta basi. Basi likikataa, tafuta mtu mwenye gari. Mimi treni sijawahi kuiona, hata picha yake nilikataza humu ndani, na usiniulize sababu.

Kigoda chako nimekiinamisha pale karibu na mlango tangu ulipoondoka, kama ilivyo kwetu, mtu asikikalie mpaka mwenyewe arudi akisimamishe kwa mkono wake. Kikapu chako cha mwani, kahawa yetu ya kutafuna, nimekiweka juu ya kabati, kahawa nimeichemsha mwenyewe na majani yake, nikaianika. Hakuna aliyetafuna hata punje. Na pale irembo, kwenye lango la kaya, siku ya kuondoka, nilikuita jina lako kwa sauti ili njia ijue inamrudisha nani. Nilikuita vizuri.

Miezi mitatu ya kujifunza kuosha wazee wa Kizungu imetosha. Wazee tunao hapa. Jumamosi nachinja jogoo mwekundu.

Kaaka wako,
Anatolia


Kassel, Ujerumani
Alhamisi, 7 Machi 2024

Shikamoo Kaaka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka peke yangu kwenye kituo cha treni mpaka mama mmoja akasogeza mkoba wake.

Hanifu amesema kweli. Wamegoma tangu usiku wa jana. Walisema treni chache zitapita, basi nikaja tangu saa moja asubuhi nikakaa kwenye benchi, begi mapajani, macho kwenye ubao unaoandika treni zinazokuja. Kila jina kwenye ubao limepigwa mstari. Kituo ni kikubwa kuliko soko zima la Kayanga na leo hakina watu hata thelathini. Ukikohoa, paa linakurudishia kikohozi chako.

Mwenyeji wangu amenisaidia kusogeza tiketi ya ndege. Usichinje jogoo bado.

Treni haikuja. Nitakuja na ya kesho.

Mjukuu wako,
Ainembabazi


Nyakahanga
Ijumaa, 8 Machi 2024

Ainembabazi,

Mbona unanichezea, mtoto wewe? Mimi ni mzee. Naandikaje barua kwenda Ulaya kwa mtu aliyelala chumba cha pili?

Ngoja niseme mambo yalivyokwenda, na Deodatha aandike, asinikodolee macho. Jana nilikuwa kibanjani napunguzia migomba majani. Ilikuwa saa saba, jua la utosini, lile linalomrudisha mtu kivuli chake chini ya nyayo. Nikarudi na jembe langu na ndizi mbili tatu. Nafika mlangoni, kigoda kimesimama. Na wewe umekaa juu yake, begi mapajani, uso umeelekea irembo.

Nikapiga kigelegele. Maawe! Jogoo mwenyewe bado anatembea! Nikadondosha ndizi. Wewe hukuinuka. Hukusema shikamoo. Nikajisemea, ni uchovu, halafu nikasema, hapana, Wazungu wamemharibu. Nikakuletea kikapu chako cha mwani, nikakifungua, nikakusogezea. Hukuchukua. Tangu unaota meno hujawahi kukataa mwani wa mkono wangu. Ulisema neno moja tu. Ulisema, "Treni imekuja?"

Nikacheka. Nikasema, mama, hapa ni Nyakahanga, treni itokee wapi, hapa tuna bodaboda tu na ng'ombe wa watu. Hukucheka.

Umekonda. Sauti yako imekuwa nyembamba. Na unanuka kitu nisichokijua, kama chuma kilicholowa na mafuta ya taa. Nimekubadilishia nyasi za sakafuni, nimetandika mpya, kavu, zile zinazolia ukizikanyaga. Mimi nikipita zinalia. Mbuzi wa Benadeta aliingia asubuhi zikalia. Wewe ulipita kutoka kwenye kigoda mpaka chumbani, hazikulia.

Basi leo asubuhi Deodatha anakuja na simu yake, anasema, Bibi, kuna barua kutoka kwa Aine. Nikamwambia, punguza sauti, mwenye barua amelala. Akacheka. Nikamwambia nenda kamwangalie. Akaenda. Aliporudi hakucheka tena.

Sasa nijibu. Ukiwa huko, nijibu. Na ukiwa humu chumbani, amka ule.

Kaaka wako,
Anatolia

(Aine, mimi Deodatha nimeandika alivyosema, neno kwa neno. Chumbani sikuona mtu. Kitanda kimetandikwa. Ila kigoda kimesimama kweli, na nyasi chini yake zimelala na zimelowa maji. Mvua haijanyesha hapa tangu Jumapili.)


Kassel
Jumamosi, 9 Machi 2024

Shikamoo Kaaka,

Mimi niko huku. Nimemtumia Deodatha picha yangu nimeshika gazeti la leo. Akusogezee karibu na jicho la kulia. Utaona nimenyoa nywele. Huyo unayemwona ana nywele?

Kaaka, nisikilize kama vile mimi ninavyokusikiliza. Usimpe chakula. Usimpe jina langu. Mwambie Deodatha alale kwako, na Babu mdogo Jovin aje mchana akae nawe. Mimi ni nesi, nimeona wazee wakiwaona watu wasiokuwapo, na pengine ni jicho, na pengine ni homa, nenda hospitali wakupime. Hivyo ndivyo ningemwambia mgonjwa.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Hiyo harufu uliyoitaja, chuma kilicholowa na mafuta. Ndiyo harufu ya reli. Naisikia sasa hivi, iko kwenye koti langu, iko kwenye nywele nilizozikata. Wewe hujawahi kuona treni. Umeijuaje?

Leo nimekaa tena kutwa. Wanasema Jumatatu huenda zikatembea, huenda zisitembee. Treni haikuja.

Mjukuu wako,
Ainembabazi


Nyakahanga
Jumapili, 10 Machi 2024

Wewe uliye huko,

Leo sikwenda kanisani. Benadeta amepita na Biblia yake kwapani anauliza, mama, umeumwa? Nikamwambia nina mgeni. Akachungulia ndani, akasema, mgeni yuko wapi. Nikamwambia, wewe hata mbuzi wako humwoni akiwa kwenye kahawa yangu.

Nimeshamjua. Jana nilimshika mkono nimpeleke kwenye maji ya kunawa. Mkono ni baridi, kama mkono wa mtu aliyekuwa akivuna maharage kwenye umande. Nikapapasa kifundo cha mkono wa kushoto, nikalikuta kovu. Kovu la duara, la sufuria ya uji, alipokuwa na miaka minne, nilipomwacha jikoni nikaenda kugombana na mke wa Jovin kwa ajili ya mpaka. Kovu hilo wewe huna. Kovu hilo nililitengeneza mimi kwa uzembe wangu, silisahau.

Ni mama yako. Ni Mackrine.

Nilikuambia alikufa kwa homa Nairobi na wakamzika huko huko. Nilikudanganya. Babu yako alijua, Jovin anajua, wengine wote nao niliwadanganya. Alikwenda kufanya kazi mwaka tisini na sita, wewe una meno mawili. Alipotaka kurudi akaandika barua. Iko kwenye kopo la mafuta chini ya kitanda changu miaka yote hii. Jana nimeitoa, Deodatha amenisomea. Deodatha, iandike hapa ilivyo.

"Mama, shikamoo. Wafanyakazi wa treni hapa wamegoma. Nimekaa stesheni kutwa. Treni haikuja. Nitakuja na ya kesho. Mtunze mtoto. Mackrine."

Ndiyo hiyo. Baada ya hapo hakuna barua, hakuna maiti, hakuna mtu aliyesema nimemwona. Babu yako alikwenda Nairobi akazunguka miezi miwili, akarudi viatu vimeisha. Akasema, Anatolia, tumzikie mgomba. Ndivyo wanavyofanya wenzetu, mtu akipotea njiani usimpate, unakata mgomba, unaufunga sanda, unaulilia, unauzika kwa jina lake, ili apumzike na njia ifungwe. Mimi nilikataa. Nilisema siziki mgomba, mwanangu si mgomba, mwanangu anasubiri treni. Babu yako aliniomba mpaka anakufa. Nikakataa.

Na kuna jingine, nilimeze au nilitapike, nalitapika. Siku ile pale irembo, wewe umeshapanda pikipiki, nilifungua mdomo niite jina lako. Likatoka jina la Mackrine. "Mackrine, uende urudi." Wewe hukusikia, pikipiki ilikuwa inanguruma. Jovin alisikia. Alinitazama, nami nikatazama kuku. Nilitakiwa niite upya. Sikuita. Niliona haya, nikasema moyoni, njia itaelewa tu. Nayo imeelewa. Imemrudisha niliyemwita.

Jovin amekuja leo. Hamwoni, lakini hakukaa karibu na kigoda. Amesema, shemeji, kigoda kimoja hakikaliwi na wasafiri wawili. Huyu akitafuna mwani wa mwenzake, yule mwingine hatafika, ataishia njiani kama huyu. Akasema tukate mgomba kesho. Nimemfukuza.

Usinikasirikie. Anakaa pale mchana kutwa, anatazama irembo, anauliza, "Treni imekuja?" Namwambia, bado mama, kaa. Anakaa. Miaka ishirini na minane sijawahi kuulizwa kitu na mwanangu. Leo asubuhi amenyoosha mkono kuelekea kikapu. Hajashika bado. Nami sikukiondoa.

Jina lako limenitoka tangu asubuhi. Deodatha amenitajia mara mbili, linaingia sikio hili linatokea hili. Ile picha ya gazeti nimeitazama, nimeona gazeti.

Kaa huko kidogo, mama. Wewe ni kijana, treni zako ni nyingi. Yeye anayo moja tu.

Anatolia


Kassel
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kaaka,

Shikamoo. Mimi ni Ainembabazi. Barua yako haikuanza na jina langu, basi mimi naanza nalo. Ainembabazi wa Mackrine wa Rwegoshora, uliyemlea kwa maziwa ya mbuzi na matusi.

Sina hasira ya uongo wako. Hasira nitaileta nyumbani tuile wote. Sasa nina hofu, na nitakueleza kwa nini.

Jana jioni niliinuka kwenye benchi nitoke kituoni. Milango ya huku inafunguka yenyewe ikikuona. Haikunifungukia. Nilisimama mbele ya kioo, nikarudi nyuma, nikasogea tena, nikapunga mikono kama anayefukuza ndege shambani. Mpaka alipokuja mzee mmoja na mbwa, ikamfungukia yeye nikapita nyuma yake. Leo mama anayefagia alideki mpaka kwenye miguu yangu, akadeki juu ya viatu vyangu, akaendelea. Hakuomba radhi. Huku wanaomba radhi hata kwa hewa, Kaaka. Nikamsemesha. Akasimama akatazama huku na huku, kama mtu aliyesikia sauti na hamwoni anayemwita. Akanyamaza mpaka nikapita.

Nami nina la kutapika. Basi lilikuwepo. Tangu Jumatano iliyopita, kabla mgomo haujaanza, mwenyeji wangu alinipatia kiti kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege. Nilikiacha. Wamenipa kazi hapa, miaka mitatu, chumba changu, karatasi ziko tayari kutiwa sahihi. Sikujua nikuambieje. Basi treni zilipogoma nikafurahi. Nikasema, sitaamua mimi, itaamua treni. Ndiyo maana nimekaa pale siku tano na begi mapajani. Nilikuwa nasubiri kitu ambacho nilikuwa naomba kisije.

Uliniambia kilichogoma nisikisubiri. Nisingekisubiri, nisingekuwa hapa sasa natazama mikono yangu kama ipo.

Nataka kurudi. Nimeshaamua mwenyewe. Ila sijui kama dereva wa basi ataniona.

Niite, Kaaka. Nenda irembo uniite.

Ainembabazi


Nyakahanga
Jumanne, 12 Machi 2024

Ainembabazi! Ainembabazi! Ainembabazi!

Deodatha, andika mara tatu, na herufi kubwa kubwa.

Amenisomea barua yako jana, mara ya kwanza sikujua ni ya nani. Mara ya pili, leo, nikasikia "maziwa ya mbuzi na matusi", nikasimama. Nani mwingine angesema hivyo? Nikaangalia kikapu. Mkono wake ulikuwa ndani. Nikakifunika. Nimemfunikia mwanangu chakula, mtoto niliyemzaa, nikakibeba kifuani. Alinitazama tu. Mungu anisamehe, nami sijui kama nitajisamehe.

Nikaenda irembo bila fimbo. Nikakuita mpaka Benadeta akatoka na mwiko, watu wa hospitali waliokuwa wanapita wakasimama barabarani. Mmoja akasema, bibi amepotelewa na nani? Nikamwambia, hajapotea, ndiyo maana namwita. Hata mbuzi aliacha kutafuna.

Panda basi leo. Usikae tena kwenye benchi lile hata kama limetandikwa godoro. Dereva asipokuona, taja jina lako, useme umeitwa nyumbani.

Nimemwambia Jovin aninoe panga. Mgomba nitauchagua mwenyewe.

Kaaka wako, wako wewe,
Anatolia


Uwanja wa ndege, Frankfurt
Jumatano, 13 Machi 2024

Shikamoo Kaaka,

Naandika haraka, wanatuita.

Jana saa sita mchana kwa saa za huku nilikuwa nimesimama nje ya kituo, basi liko mbele yangu, dereva anahesabu watu na kunipita. Nikataja jina langu. Hakusikia. Nikataja tena. Halafu nikasikia kitu kama sauti nyuma ya shingo, mbali, na najua umenikataza kuitikia nisiyemwona, lakini nikaitika. Nikasema, "Naam, Kaaka."

Dereva akaruka. Akasema kwa Kijerumani kitu kama, wewe umetokea wapi?

Karatasi za kazi nimewaachia mezani, sikusaini. Nashukia Entebbe, kisha Mbarara, kisha nitavuka pale Murongo niingie Kyerwa. Ijumaa mchana Mungu akipenda. Usinifungulie mlango mpaka niseme shikamoo na nyasi zilie.

Ainembabazi


Nyakahanga
Ijumaa, 15 Machi 2024

Mackrine, mwanangu,

Hii haitapigwa picha. Deodatha anaiandika, tutaikunja, tutaiweka ndani ya sanda, uende nayo. Najua ulijua kusoma. Mimi ndiye sikujua, ndiyo maana barua yako niliisikia kwa midomo ya watu, na kila aliyenisomea nilimchukia kidogo.

Jovin amemaliza kuchimba. Mgomba nimeuchagua ule ulioota nyuma ya jiko mwaka uliozaliwa, ukoo wake, mjukuu wa mjukuu wake. Nimeupima kwa mikono yangu, una urefu wako. Tumeufunga shuka lile la maua ulilolipenda. Benadeta analia huko nje kuliko mimi, na wewe humjui, aliolewa hapa juzi juzi. Nimemwambia, lia vizuri, huyu ni mwanangu si kahawa. Akalia vizuri.

Nilikosea, mama. Sikukuzika kwa sababu nilidhani nikikuzika ndiyo nimekuua. Kumbe nilikuweka kwenye benchi. Miaka ishirini na minane nimekuweka kwenye benchi na begi mapajani, baba yako akiniomba nikuache uondoke, nami nasema bado, bado, kaa. Kila ukiuliza nasema bado.

Nimekuchemshia mwani wako. Usishike kile kikapu cha mtoto. Hiki hapa ni chako, kidogo, kipya, nimekisuka kwa siku mbili kwa macho haya, kimepinda upande mmoja, unijuavyo. Kitafune. Ni chakula cha safari.

Deodatha, ameshika. Umeona kifuniko? Haya, yeye humwoni, lakini kimeinuka, na kifuniko hujakishika wewe wala mimi. Anatafuna. Nasikia punje inapasuka. Alikuwa anatafuna hivyo hivyo, kwa meno ya mbele, kama panya, nilikuwa namgombeza.

Ainembabazi ameleta ujumbe saa nne. Ameshavuka Murongo, alikuwa Rubwera anabadilisha gari. Dereva alimdai nauli kabla hajakaa, basi wanamwona. Atakuja kukaa kwenye kigoda hiki. Mtoto uliyeniambia nimtunze nimemtunza, mdomo wake mchafu ni wa kwangu, moyo ni wa kwako. Nilikaribia kumtoa ili nikubakize wewe. Ujue hilo, ujue nilivyokupenda, halafu unisamehe, na umwombee asijue jinsi nilivyokaribia.

Anasimama. Andika, Deodatha. Amesimama, begi liko begani. Sikiliza. Umesikia? Nyasi zinalia. Zinalia chini ya miguu yake, hatua moja, hatua mbili. Basi na wewe umesikia, nimeona umeacha kupumua. Andika.

Na kule chini nasikia pikipiki inapanda kilima.

Amefika mlangoni. Amegeuka. Ananiuliza lile lile, na leo uso nauona wote, jicho halina ukungu hata kidogo. Anauliza, "Mama, treni imekuja?"

Imekuja, mwanangu. Panda.

Mama yako,
Anatolia